Pembe ya Tomke

Haya aliniambia Gesche, jirani yangu wa ghorofa ya juu, mwezi wa tisa mwaka juzi. Tulikuwa jikoni kwangu tunatunga maharage mabichi kwenye uzi ili yaning'inie juu ya jiko yakauke kwa ajili ya majira ya baridi. Gesche si mtu wa kusema sana. Siku hiyo alisema, na muda wote macho yake hayakutoka kwenye sindano. Nami sikumkatiza. Maharage yalikuwa mengi.

Mambo yenyewe ni ya mwanawe Folkert na pembe ya shule.

Kwetu mtoto haendi siku ya kwanza ya shule mikono mitupu. Anabeba pembe kubwa ya karatasi ngumu, inamfika karibu na kidevu, imejazwa peremende na kalamu za rangi, na mdomo wake umefungwa kwa kitambaa chepesi na utepe. Madukani zipo, lakini mzazi anayejali anaitengeneza kwa mkono wake. Mwenye pembe ya dukani hasemwi na mtu, ila anatazamwa.

Folkert wakati huo alikuwa ameshapita miaka arobaini, na alikuwa amerudi kulala katika chumba chake cha utotoni, kwa mama yake. Mkewe Imke alimwomba aondoke baada ya ile habari ya bafu. Mji mzima unaijua. Folkert alibomoa vigae vya bafu lao, akasema ataweka vipya, kisha majira ya baridi yote akawa analinganisha saruji za kujazia kati ya kigae na kigae, ipi haipitishi maji, ipi haioti kuvu. Dirisha zima likajaa vipande vya majaribio, na Imke na mtoto wakawa wanakwenda kuoga kwa dada yake Imke, taulo begani. Folkert si mvivu. Hanywi, hajawahi kumpiga mtu. Ila akishika jambo moja anaingia ndani yake na kufunga mlango, na huku nje wenzake wanaishi kwenye vumbi.

Mtoto wao ni mmoja, Tomke. Mwaka ule alikuwa anatoka chekechea kwenda darasa la kwanza. Jumapili alikuwa analetwa kwa bibi yake amwone baba, na wawili hao wakipanda tuta la kuzuia bahari, maji yakishakupwa, wanashuka kwenye tope na ndoo kuokota makombe ya baharini. Tomke ana jicho la kuchagua. Yaliyovunjika haokoti.

Jumapili moja Imke alipomleta, akasema pale pale mlangoni kwamba chekechea wameweka jioni moja ya wazazi kutengeneza pembe, na yeye ameshajiandikisha. Tomke akasema hapana, pembe yake ataitengeneza baba, na itakuwa na makombe ya kweli, yale ya kwenye ndoo. Imke akamtazama Folkert juu ya kichwa cha mtoto.

"Muulize baba yako kama atamaliza."

"Atamaliza," akasema Tomke. Hata hakugeuka kumuuliza.

Gesche anasema alimwona mwanawe shingo imekuwa nyekundu mpaka masikioni. Folkert aliinama tu akaichukua ile ndoo. Kuanzia hapo ile haikuwa tena karatasi na peremende. Tomke angevuka uwanja wa shule amebeba kitu ambacho baba yake amekianza na kukimaliza, mbele ya Imke na mbele ya kila aliyewahi kucheka habari ya bafu, au asingevuka nacho. Folkert hakuwa na jambo jingine kichwani.

Sasa, kombe ni kitu chenye utelezi na kizito, na karatasi ni karatasi. Kuvikutanisha hivyo viwili unahitaji ile bastola ya umeme, unaingiza kijiti cha gundi nyuma, unavuta, kinatoka mbele kimeyeyuka. Gesche anayo siku zote, kwa mashada ya Krismasi. Kijiti gani cha kuingiza, hapo ndipo Folkert alipopotelea.

Alianza na vile vya bei rahisi, vinavyopitisha mwanga kama barafu. Jioni vilishika vizuri. Asubuhi Gesche anakunywa chai akasikia tak, akatulia, tak tena, makombe yanadondoka sakafuni moja moja. Isitoshe, gundi yake inavuta nyuzi kama utando wa buibui, Gesche alizikuta mpaka kwenye siagi. Folkert akaleta vijiti vyembamba vya watoto, vinavyoyeyuka kwa joto dogo visiunguze vidole. Hivyo vilimpa moyo, mpaka alipoacha kipande ndani ya gari lililoegeshwa juani. Aliporudi makombe yote yalikuwa yameteleza yakasongamana chini kama kondoo kwenye kona ya zizi. Akaleta vyeupe kama maziwa. Hivyo vilishika karatasi lakini kombe havikulishika. Ukibandua kwa ukucha gundi inatoka nzima, na umbo la kombe limo ndani yake, imejipigia muhuri.

Mwisho akaenda duka la mafundi wa mbao akarudi na vijiti vya rangi ya asali. Vinaunguza vibaya sana. Siku ya kwanza tu alitoka na malengelenge vidoleni. Lakini akajifunza kuyachemsha makombe chumvi itoke, kuyakausha kwenye oveni, kuyakwaruza mgongoni kwa msasa, na hapo ile gundi ya asali ikakamata.

Usidhani aliridhika. Kila aina ya kijiti aliipa kifuniko chake cha boksi la piza, na vifuniko hivyo vikasambaa nyumba nzima. Kimoja kwenye friji juu ya soseji, kingine nje kwenye mvua, kingine juu ya birika kwenye mvuke. Gesche aliniambia, nikitaka jibini langu, shoga, lazima kwanza niombe ruhusa kwa makombe. Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka.

Mezani Folkert alizungumza gundi tu. Mama akiuliza kama ameongea na Imke habari ya likizo ya mtoto, anajibu kwamba ya asali imelala kwenye barafu na haikupasuka. Ila alikuwa anapiga mbinja. Tangu arudi nyumbani mama yake hakuwa amemsikia akipiga mbinja.

Pembe haionyeshwi mtoto kabla ya siku yake. Ni siri, ndiyo raha yake. Kwa hiyo Jumapili Tomke akija, Folkert anajifungia chumbani. Mtoto anasema twende ufukweni, maji yamekupwa, baba anajibu toka ndani kwamba wiki ijayo, bastola imeshapata moto. Wiki ijayo hivyo hivyo. Tomke akawa anacheza karata na bibi yake, na akichoka anakwenda kukaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango ule.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Inakwenda?"

"Inakwenda vizuri, mwanangu."

"Haya." Anakaa hapo hapo mpaka mama yake anakuja kumchukua.

Kisha likatokea jambo ambalo Folkert hakulitegemea. Gundi ya asali ilishika mno. Kombe halikutoka, gundi haikutoka, bali ngozi ya karatasi yenyewe ndiyo iliyochunika, kombe likaanguka na kipande cha karatasi mgongoni. Hapo mtu mwingine angepunguza makombe. Folkert akaongeza karatasi. Akaweka kadibodi juu ya kadibodi, akazibandika pamoja kwa gundi ile ile, na ilipopinda akaitilia ndani mbavu za fito nyembamba za mbao. Halafu akaona sasa inaweza kubeba makombe zaidi, akamwaga ndoo nzima. Yalipangwa vizuri sana, Gesche anasema, madogo chini kwenye ncha, makubwa juu, mstari juu ya mstari kama magamba ya samaki. Hakuna mtu mji huu aliyewahi kuona pembe kama ile.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe ya kuanza shule, akaijaza peremende, kalamu, tochi na kioo cha kukuzia vitu vidogo, akafunga utepe, akaiweka mezani. Gesche akataka kuisogeza apate mahali pa vikombe. Akaacha mkono mmoja akatumia miwili.

"Folkert, nzito hii."

"Gundi inabeba, mama. Nimeijaribu kwenye mvuke, kwenye barafu, juani. Haitoki."

"Mimi sisemi gundi."

"Hata ukiitikisa," akasema, akaitikisa, makombe yakalia kama njuga na hakuna lililodondoka. Alikuwa anacheka, na macho yamejaa maji. Gesche akamimina chai, akamwekea mwanawe mawe mawili ya sukari badala ya moja. Katika kikombe chake mwenyewe akatia kijiko, ambayo kwetu ni kusema mimi basi, nisiongezewe.

Baadaye Imke akapiga simu. Hakutaka kuongea na Folkert, alimtaka Gesche. Akauliza kama imekwisha. Gesche akasema imekwisha, tena ni nzuri. Imke akauliza tena kama kweli imekwisha, hakuna kinachosubiri kukauka. Gesche akasema kweli. Imke akasema basi vizuri, na kwamba ile ya kwake ya chekechea ataiacha kwenye gari. Gesche hakuuliza ya kwake ipi. Alirudisha simu mahali pake, akaenda kupiga pasi shati la mwanawe.

Jumamosi ilikuwa na jua. Wakaenda kanisani kwanza, mchungaji akawabariki watoto, kisha watu wote wakatembea mpaka shuleni. Folkert aliibeba pembe mgongoni ndani ya shuka, kama mtu anayehama. Uwanjani wazazi wanasimama upande mmoja. Upande wa pili yupo mwalimu na wale wa darasa la pili wameinua matawi ya maua kufanya lango. Mwalimu anaita jina, mtoto anaachana na wazazi wake, anavuka uwanja peke yake na pembe yake, anapita chini ya maua, anaingia. Mzazi havuki, na mtoto hasindikizwi. Hata waliokuwa wakilia utotoni wanakumbuka walivuka wenyewe.

Folkert akafunua shuka. Watu walisogea. Habbo, ambaye mwanawe pia anaanza, akasema, "Folkert, umetuachia hata punje moja ya mchanga huko ufukweni?" Watu wakacheka, lakini kicheko cha kusifu, Gesche anasema alikisikia vizuri. Tomke alipiga magoti. Alipitisha kidole juu ya makombe, akalitafuta moja la kijivu lenye mstari mweupe, akalipata.

"Hili nililiokota mimi. Siku ya upepo."

"Ni lenyewe," akasema baba yake.

Tomke akaikumbatia pembe ainuke nayo. Ilimkwaruza kidevu, akaiweka. Akaishika kwa chini, akainuka, akajikokota, ncha ikagonga lami. Akasema ngoja. Akajaribu ubavuni, kama anavyobebwa mtoto mchanga, akayumba mpaka Habbo akamdaka bega. Huko mbele mwalimu alikuwa ameshaanza kuita majina.

Folkert akapiga magoti. Akafungua utepe akatoa kalamu, tochi, kioo, peremende, akajaza mifuko ya koti mpaka ikatuna. Akampa tena mtoto. Nafuu ilikuwa ndogo tu. Hapo akaanza kuyabandua makombe. Akashika moja kubwa la juu, akavuta, halikutoka. Akaingiza ukucha, kisha ufunguo wa gari, akakongoa. Kombe likavunjika katikati, nusu ikaruka, nusu ikabaki pale na gundi yake, imekaa kama jino. Akajaribu la pili, likamkata kidole gumba. Watu waliokuwa wanacheka wakaanza kutazama viatu vyao.

"Tomke," akaita mwalimu.

Imke alikuwa ameshakwenda kwenye gari lake, aliloliegesha karibu na shule tangu asubuhi, na kurudi. Mkononi alikuwa na pembe ya karatasi ya bluu, nyepesi, ya kawaida kabisa, na samaki wa karatasi amebandikwa ubavuni kwa gundi ya chekechea. Ilikuwa imejazwa, utepe umefungwa, jina la mtoto limeandikwa. Hakumtazama mumewe kwa ushindi, Gesche anasema, na bora angemtazama hivyo. Alimtazama kama unavyotazama saa.

"Mwache aende, Folkert."

Tomke alimwangalia baba yake, damu inamtoka kidoleni, ameshika ufunguo. "Hiyo tutaiweka nyumbani," akamwambia, sauti ya chini, kama anayemwambia mtoto mdogo. Akachukua ile ya bluu. Akavuka.

Katikati ya uwanja samaki wa karatasi akabanduka akaanguka. Tomke hakuona, wala haikudhuru kitu. Alipita chini ya maua, mpiga picha akampiga picha, mlango ukafungwa. Folkert alivuka uwanja, jambo ambalo mzazi hafanyi, akaenda akamwokota yule samaki. Akamgeuza akaangalia gundi mgongoni mwake. Mwanawe ameshaingia ndani, na yeye amesimama pale anaangalia gundi.

Mchana Imke na Tomke walikuja kwa Gesche kunywa chai, kwa kuwa ilikuwa imepangwa tangu zamani na keki ilikuwa imeokwa. Folkert aliketi na kidole kimefungwa kitambaa. Pembe ilikuwa sakafuni karibu na jiko, inaegemea ukuta. Hakuna aliyeisema, na jikoni kwa Gesche ni padogo, ilibidi kila mmoja ainyanyulie mguu apite. Mwisho Imke ndiye aliyesema, na alisema polepole, kijiko kikiwa kimeshatiwa kikombeni.

"Umejaribu kila kitu isipokuwa kumpa mtoto abebe."

"Ilikuwa siri," akasema Folkert.

"Ungempa abebe hata mfuko wa viazi."

Gesche anasema alimwona Folkert akilifikiria hilo kwa dhati, mfuko wa viazi, uzito wake, kama angeanza kujaribu leo hii. Tomke alikuwa anakula keki, ameweka mbele yake ile tochi na kioo cha kukuzia baba yake alivyomtolea mfukoni. Akaelekeza kioo kwenye meza, akaelekeza kwa bibi, akaelekeza kwa mama yake.

"Mama, ulijuaje kama nitahitaji nyingine?"

Imke alikunja kitambaa chake cha mezani mara mbili. Gesche akamuuliza mtoto kama anataka keki zaidi. Folkert ndiye aliyejibu, hatimaye.

"Mama yako ananijua," akasema.

Tomke aliona jibu linatosha, akarudi kwenye kioo chake. Wakati wa kuondoka aliichuchumalia ile pembe, akapitisha kidole kwenye kombe lake la kijivu, kisha kwenye ile nusu iliyovunjika, akauliza kama inauma ukiigusa. Baba akasema inakata, aiache. Akaiacha. Imke akamwambia Folkert kwamba Jumapili ijayo hatamleta, mtoto ana sherehe ya rafiki yake, na ile nyingine ataona. Folkert akasema sawa. Aliwasindikiza mpaka ngazini tu. Mimi mwenyewe niliwasikia wakishuka, mtoto anahesabu ngazi kwa sauti, nikajua ni wao.

Jua lilikuwa bado lipo. Folkert alijilaza sebuleni kwenye kochi na koti lake, mifuko imejaa peremende, akageukia ukutani, akalala kama aliyepigwa. Gesche akaosha vikombe. Akataka kufagia makombo ya keki, akashika ile pembe kwa mkono mmoja aisogeze, akakumbuka, akaiacha akafagia kuizunguka. Akaviokota vile vifuniko vya piza vilivyobaki, cha kwenye friji, cha juu ya kabati, akavipeleka kwenye pipa la taka chini. Yule samaki wa karatasi alimkuta juu ya meza. Hakujua ni wa kutupa au wa kuweka, akamweka chini ya bakuli la sukari.

Kisha akaenda kujinyoosha kitandani, mlango wa jikoni ameuacha wazi. Kwenye pazia bado kulikuwa na mwanga. Alisikia pumzi za mwanawe sebuleni. Alisema alikuwa ametega sikio, akisubiri ile tak ya siku za kwanza, akiomba lidondoke kombe moja tu, hata dogo la kule chini kwenye ncha. Alisubiri mpaka pazia likawa jeusi. Hakuna lililodondoka, naye usingizi ukamchukua.